Kitabu changu cha woga wa kuongea mbele za watu kimekwama sura ya tatu

Mwalimu wa Jioni:
Habari za jioni wakuu. Nafundisha sekondari, na Jumamosi hushika maiki kwenye harusi. Huu ni mwezi wa nane tangu nianze kuandika kitabu kuhusu woga wa kuongea mbele za watu. Sura mbili za mwanzo zilikuja zenyewe. Ya tatu, ya mbinu, imenishinda. Nikiisoma nasikia mahubiri tu: jiamini, jikubali, usiogope.

Mwaka 2011 nilisimama kusoma wasifu wa baba siku ya maziko. Karatasi ilitetemeka mpaka mlio wake ukasikika kwenye spika. Mdomo ulikauka, nikaruka mstari mzima wenye majina ya wadogo zangu. Baba mdogo akaja akanishikia maiki. Hakusema neno. Nikamaliza. Siku ile mtu angeniambia "jiamini", ningekaa chini nilie. Sasa nawaandikiaje wenzangu bila kurudia maneno hayo hayo?

Kibarazani:
Pole Mwalimu, hata kama ni msiba wa siku nyingi. Mbona sura ya tatu umeshaiandika hapo juu? Anza na baba mdogo na ile maiki.

Waeleze pia kinachotokea mwilini: ukihisi hatari, adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, mate yanakauka, mikono inatetemeka. Anayejua hivyo haoni tena kwamba ana kasoro. Ila usiwaahidi woga utaisha. Cicero, bingwa wa kuongea wa Roma ya kale, alikiri mahakamani kwamba kila anapoanza huwa na hofu kubwa. Na Mfalme George VI wa Uingereza, aliyekuwa na kigugumizi, alipohutubia redioni tarehe 3 Septemba 1939 vita vilipoanza, hakuwa peke yake chumbani. Lionel Logue, mwalimu wake kutoka Australia, alikuwa pale pale karibu naye. Huyo ndiye baba mdogo wako.

Mhariri Mstaafu:
Mwalimu, weka kalamu chini kwanza. Washa kinasa sauti cha simu, kaa na mtu mmoja anayeogopa kweli, umsaidie. Kisha andika ulichosema, hivyo hivyo. Mahubiri yanatoka pale unapoandikia watu usiowaona. Mambo ya ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, yasikusumbue sasa. Ukimaliza, utaiomba kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Mwalimu wa Jioni:
Nimerudi, wakuu. Ahsanteni sana. Nilikaa na binti wa kidato cha nne aliyechaguliwa kusoma risala ya mahafali na alikuwa amekataa. Nimesikiliza tulivyoongea mara mbili. Hakuna "jiamini" hata moja. Nilimwambia agundishe karatasi kwenye kava gumu la daftari la kaunta, mkono ukitetemeka karatasi isipige kelele. Sentensi ya kwanza aikariri, nyingine asome. Kabla hajafungua mdomo, atoe pumzi polepole mpaka iishe.

Alisikiliza yote, halafu akauliza: "Mwalimu, siku hiyo wewe utakaa wapi?"

Nikamwonyesha kiti, safu ya pili, upande wa dirishani. Akachukua risala, akaanza kusoma.

Nimefuta kurasa kumi na moja. Sura ya tatu sasa inaanza na swali lake.