Msambazaji wa vidonge vya "mitokondria" hapa Kigoma alimuuzia mama yangu bila kumuuliza anatumia dawa gani

Ndugu wanajukwaa, naufungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha.

Mama yangu ni mkazi wa Ujiji. Tangu damu ilipoganda kwenye mshipa wa mguu wake, anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na hupimwa damu mara kwa mara ili dozi isipungue wala isizidi. Msambazaji mmoja wa biashara ya mtandao, anayeendesha semina katika ukumbi wa kukodi pale Mwanga, alimshikisha kipande cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, akamtangazia kwamba mitokondria zake, yaani sehemu za seli zinazozalisha nishati, zimechoka, kisha akamuuzia kichupa cha koenzaimu Q10 kwa shilingi 180,000. Alimhakikishia kwamba hicho "ni chakula tu" na hakigongani na dawa yoyote. Kuhusu dawa anazotumia, hakuuliza hata moja.

Koenzaimu Q10 yenyewe si uzushi. Frederick Crane na wenzake waliipata mwaka 1957 huko Wisconsin, Marekani, katika mitokondria za moyo wa ng'ombe, na inajulikana kwamba husafirisha elektroni wakati seli inapozalisha nishati. Lakini umbo lake la kikemia linakaribiana na la vitamini K, na ndiyo sababu wanaotumia warfarini huonywa kwamba inaweza kuipunguzia dawa hiyo nguvu. Onyo hilo halihitaji utafiti wa siri. Mfamasia yeyote angelitoa bure. Kipimo cha mama kilichofuata kilionyesha kwamba damu yake inaganda upesi kuliko inavyotakiwa, na daktari alipokiona kile kichupa alimwamuru aache mara moja.

Nilimpigia simu msambazaji. Akanijibu kwamba hizo ni "sumu zinatoka mwilini" na kwamba mama aongeze dozi. Aongeze! Mgonjwa aliyewahi kuganda damu mguuni!

Alijitetea pia kwamba bidhaa "imethibitishwa Marekani". Sheria ya virutubisho ya huko, ya mwaka 1994, haimlazimishi mtengenezaji kupata kibali cha serikali kabla ya kuuza, na inamtaka anayenadi faida za bidhaa yake aandike kwamba haikukusudiwa kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Maneno hayo yamo kwenye kichupa cha mama, kwa Kiingereza na kwa herufi za kutafuta kwa miwani, ilhali semina nzima iliendeshwa kwa Kiswahili na ilikuwa ya kutibu mwanzo hadi mwisho.

Magonjwa halisi ya mitokondria yapo, mengi ni ya kurithi, na hayagunduliwi kwa kushika chuma. Uchovu wa mama mwenye umri wake ungeanza kuchunguzwa kwa wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo. Isitoshe, mwili hujitengenezea koenzaimu hiyo, na nyingine kidogo hupatikana katika maini, moyo na samaki wenye mafuta. Semina haikuligusa hilo, pengine kwa kuwa Kibirizi, kwenye soko la samaki, iko karibu mno.

Ninadai fedha zirudishwe zote, na msambazaji awapigie wateja wake wote kuwauliza dawa wanazotumia. Kama mzazi wako alihudhuria semina hizo na anatumia warfarini, mpeleke akapimwe wiki hii, uende na kichupa mkononi. Waliouziwa kwa namna hii Kigoma, Kasulu au Uvinza waandike hapa chini, tupeleke malalamiko TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kwa pamoja.