Kaunti ikiuza nyumba kwa deni la kodi, chenji ni ya nani?

Wakuu, hoja hii naileta hasa kwa ndugu zetu wenye nyumba Marekani.

Bibi mmoja wa Minneapolis, Geraldine Tyler, alinunua fleti yake mwaka 1999. Mwaka 2010 akahamia kwenye makazi ya wazee, na kodi ya fleti ikaacha kulipwa. Kodi yenyewe ilikuwa dola 2,300 hivi. Riba, faini na gharama zikaifikisha dola 15,000. Kaunti ya Hennepin ikaichukua fleti, ikaiuza dola 40,000, ikajilipa, kisha ikabaki na dola 25,000 zilizozidi. Bibi hakuambulia senti. Tarehe 25 Mei 2023, bibi akiwa na miaka 94, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walisema ziada ile ilikuwa mali yake.

Wengi walishangilia wakidhani yamekwisha. Mimi nasema bado.

Kwanza tulinganishe kaunti na wadai wengine. Mtu akikushinda kesi, tuseme hospitali au kampuni ya mikopo, anaisajili hukumu yake kwenye rejista ya kaunti. Kuanzia hapo, kwa kawaida, huwezi kuuza nyumba na kumpa mnunuzi hati safi bila kumlipa kwanza. Lakini kukazia hukumu kwa kuuza nyumba unayoishi ni kazi nyingine: Florida na Texas, kwa mfano, makazi ya familia yana kinga kubwa. Kodi ya nyumba haizuiwi na kinga hiyo, tena inaruka foleni, ikalipwa kabla hata ya benki iliyokukopesha. Kwa hiyo kaunti ndiyo mdai mwenye nguvu kuliko wote, na mwenye nguvu hivyo ndiye wa kubanwa zaidi.

Sasa tazama Michigan. Mwaka 2020 mahakama ya juu ya jimbo ilimpa ushindi Uri Rafaeli, ambaye nyumba yake iliuzwa dola 24,500 kwa sababu ya upungufu wa dola 8.41. Bunge la jimbo likaweka utaratibu wa kudai ziada. Nyumba inachukuliwa 31 Machi. Ukitaka ziada, ujaze fomu ya kusudio la kudai, uisaini mbele ya notari (ofisa anayeshuhudia saini), uipeleke mkononi au kwa barua ya rejista kabla 1 Julai haijapita. Mnada unafuata baadaye. Yaani unadai chenji ya kitu ambacho hakijauzwa, na ukikosa tarehe umeikosa haki yako.

Hebu mfikirie anayetakiwa kujaza fomu hiyo. Pengine ni mjane anayeishi kwenye nyumba ambayo hati bado ina jina la mumewe, na bahasha zinakuja kwa jina la marehemu. Mtu huyu alishindwa hata kuomba kulipa kwa awamu, leo atamtafuta notari?

Kuna wanaouliza, kodi isipolipwa shule na zimamoto vitaendeshwa na nini? Nakubaliana nao kabisa. Kaunti ichukue kodi yake, riba yake na gharama za mnada. Wengine wanasema fomu inahitajika kwa sababu wenye hukumu zilizosajiliwa nao wanalipwa kutoka kwenye ziada kabla ya mwenye nyumba, kwa hiyo lazima ijulikane nani anadai nini. Hapo ndipo nisipokubali. Hukumu hizo zimo kwenye rejista ya kaunti yenyewe! Iwalipe hao, kinachobaki iandike hundi, impelekee mwenyewe. Asipopatikana, fedha zikae mahakamani kwa jina lake au la warithi wake.

Mnaotetea fomu, nijibuni: kwa nini kazi ya kufuatilia iwe ya aliyepoteza nyumba, na si ya ofisi iliyoiuza? Na kama kuna aliyewahi kudai ziada, Michigan au kwingineko, atueleze ilimchukua muda gani na alipata ngapi.