Naomba ushauri: misimbo ya bidhaa katika duka la spea

Ndugu wanachama, hamjambo? Ninasimamia stoo ya duka la spea za magari katika Barabara ya Kirinyaga, hapa Nairobi, na naomba mwongozo wenu kuhusu kuipa kila bidhaa msimbo wake wa pekee.

Spea moja kwetu ina majina mengi: filta ya oili ileile, mmoja huiandika kwa jina la gari na mwingine kwa namba ya kiwandani, hivyo daftari huonyesha imekwisha ilhali rafu imejaa. Nilianza kutumia misimbo kama FO-TOY-014, yaani aina ya spea, gari na namba ya mfululizo, nikaibandika kwenye rafu na kuiingiza katika Excel. Imetufaa kwa mikanda, lakini filta moja huingia katika magari ya kampuni tofauti, na hapo sehemu ya katikati ya msimbo hupotosha. Namba tupu nazo, zikianza na sifuri, Excel huikata sifuri hiyo nisipoifanya safu kuwa ya maandishi. Mistari ya kiwandani inayosomwa kwa skana (barcode) nayo haitoshi, kwa kuwa spea za mtumba kutoka Japani aghalabu huja bila boksi.

Je, msimbo ubebe maana, au uwe namba ya mfululizo tu na maelezo yote yakae katika safu nyingine? Na pedi za breki za gari moja, zilizotengenezwa na kampuni mbili na zenye bei tofauti, zipewe msimbo mmoja au miwili?

Natanguliza shukrani.