Walutheri wa Prusia waliohamia Australia Kusini 1838: nani aliwakopesha, na shamba walilipata namna gani?

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)
Bandugu, jambo. Wanafunzi wa humanite wanamjua Mjerumani wa upande wetu: Götzen, aliyefika ziwa Kivu na kupanda Nyiragongo mwaka 1894. Sasa nataka kuwafundisha juu ya wale wakulima waliohamia Australia Kusini, koloni la Waingereza. Safari ililipwa na nani? Shamba walilipataje na hawakuwa raia? Na miaka ya kwanza walikwama wapi?

Mama_Himbi (Goma)
Mwalimu, anzia kanisani. Mfalme Friedrich Wilhelm III aliunganisha Walutheri na Wakalvini wa Prusia, ufalme wa Wajerumani, mwaka 1817, halafu akawalazimisha wote kufuata utaratibu mmoja wa ibada. Waliokataa walitozwa faini, na wachungaji wengine wakatiwa gerezani. Mchungaji August Kavel akaenda London mwaka 1836 kumtafuta George Fife Angas, mfanyabiashara Mbaptisti aliyekuwa mwenyekiti wa Kampuni ya Australia Kusini. Angas aliwahurumia kweli, lakini nauli aliyoitoa ilikuwa mkopo wenye riba. Koloni lilikuwa changa, limeanza 1836, na wakulima lilikuwa likiwahitaji sana.

Prusia ilichelewesha ruhusa ya kutoka hadi 1838. Wakashuka kwa mashua za mizigo kutoka mto Oder mpaka Hamburg, wakapanda meli. Prince George na Bengalee zilifika Novemba, na Zebra ya kapteni Dirk Hahn ikatia nanga tarehe 28 Desemba.

Hapo kwenye Desemba waambie wanafunzi wasimame kidogo. Kule ni katikati ya kiangazi, udongo umekauka. Ngano hupandwa mvua za baridi zikianza, karibu Mei, na kuvunwa mwisho wa mwaka. Yaani familia iliyoshuka Desemba ilikaa karibu mwaka mzima ikila kwa mkopo, juu ya deni la nauli. Dini ndiyo iliyowatoa kwao. Deni ndilo lililoamua wakae wapi.

Katuba_Arshivu (Lubumbashi)
Niongeze upande wa ardhi. Serikali ya koloni iliuza eka moja kwa pauni 1 (eka ni kama hekta 0.4), na pesa hiyo ililipia nauli ya vibarua kutoka Uingereza. Kwa sheria ya Kiingereza mgeni hakuweza kumiliki ardhi, ndiyo maana Mei 1839 watu wa Kavel waliapa utii kwa malkia. Kabla ya hapo ilikuwa ni kupanga tu. Kijiji cha Klemzig, kando ya mto Torrens karibu na Adelaide, kilikuwa juu ya ardhi ya Angas mwenyewe, kwa hiyo mdai wao ndiye aliyekuwa mwenye shamba.

Watu wa Zebra walibahatika kumpata Hahn. Kapteni angeweza kuwashusha na kuondoka, lakini alibaki akawatetea mbele ya wenye ardhi, Dutton na wenzake, akawapatia eka 100 milimani: msimu wa kwanza bila kodi, chakula na ng'ombe kwa mkopo. Kijiji wakakiita Hahndorf. Sasa fanyeni hesabu: hekta 40 kwa familia zaidi ya 50, haifiki hekta moja kwa nyumba. Ngano hailipi deni kwa kipande hicho. Wakategemea mboga, siagi na mayai. Wanawake waliondoka usiku wa manane na mizigo yao, wakitembea karibu kilomita 30 ili wafike soko la Adelaide asubuhi. Mama wa Kabare anayeteremka Bukavu na kitunga mgongoni angewaelewa bila mkalimani.

Bethany, bonde la Barossa, 1842, walipima mashamba kwa desturi ya kwao: nyumba zote zinatazama barabara, na nyuma ya kila moja ukanda mwembamba mrefu unaoshuka hadi kijito. Kila mtu ana maji na jirani yuko karibu. Ubaya wake, ukanda huo haugawiki kwa watoto, na vijana walilazimika kutafuta ardhi mbali zaidi.

Mwalimu_Kadutu
Aksanti sana. Barossa nayo ilikuwa ya Angas?

Katuba_Arshivu
Ndiyo, na ilikaribia kumfilisi. Karani wake Charles Flaxman alimnunulia eka 28,000 huko bila kumwuliza. Angas alihitaji haraka wapangaji na wanunuzi, na Wajerumani walikuwa tayari wana deni lake.

Mama_Himbi
Mwalimu, usiache somo liishe kana kwamba ardhi ilikuwa tupu. Klemzig ilikuwa nchi ya Wakaurna, Hahndorf ya Waperamangk. Iliuzwa bila wao kuulizwa wala kulipwa, na hao wakulima waliokimbia dhuluma walijenga juu yake. Wataje pia wamisionari wawili Walutheri waliofika Oktoba 1838, Teichelmann na Schürmann. Walifungua shule Adelaide wakafundisha kwa Kikaurna, na mwaka 1840 wakachapisha sarufi na msamiati wake. Serikali iliifunga shule mwaka 1845 na kuwapeleka watoto kwenye shule ya Kiingereza. Wakaurna wa leo wanafufua lugha yao kwa kutumia kitabu hicho.