Yule msusi wa Kibuye na mdoli wake, sasa amezidi

Mkia wa Ngege:
Mnamjua, sitaji jina. Wa saluni upande wa Kibuye, mdomo hauna breki. Leo mtoto wa miaka saba ameketi asukwe matuta, yeye akachukua mdoli rafuni, akalaza nywele zake juu ya kichwa cha mtoto, akasema saluni nzima ikisikia: "Ona sasa nywele za watu." Za WATU! Mdoli ndiye mtu, mtoto ni nini, kabati?

Na hizo nywele zenyewe mzifunue. Nailoni, imeshonwa kwa mashine tundu kwa tundu, ukingoni na kwenye njia ya kitana tu. Katikati hapo chifu mstaafu ana nywele zaidi.

Halafu anaipigia debe "dawa ya watoto" ya kunyoosha nywele. Sanduku lina msichana anacheka. Ndani ni krimu ya kalsiamu haidroksaidi unayochanganya na maji ya guanidini kabonati, pH, kile kipimo cha asidi na alkali, inapita 12, alkali kali hiyo. Kichwa kilichokunwa au chenye mkwaruzo wa kitana kitaungua. Mwenye kujua hupaka Vaseline ukingoni na masikioni, anafuata dakika za sanduku, kisha anaosha kwa shampuu ya kuzima dawa. Huyu saa yake ni kilio cha mtoto. Nywele za watu, yawa!

Bi Manyatta:
Kemia yote hiyo, na pale saluni ulimjibu nini? Ulikuwa chini ya draya, kimya.

Section 58:
Msimwonee msusi peke yake. 1965 kampuni ya Mattel iliuza mdoli Barbie wa kulala, na mizani ya kuchezea iliyoganda kwenye ratili 110, kama kilo 50. Akapewa na kijitabu cha kupunguza uzito, nyuma kimeandikwa: usile. Barbie mwenye nyonga wamekuja kumtoa 2016!

Fundi Kondele:
Na nyayo za yule wa zamani ziliinuliwa tayari kwa kisigino. Sentimita 29 za kuanguka tu.

Bi Manyatta:
Mdoli ni wa zamani. Filta za simu zinachonga pua na kupausha ngozi mtoto akijitazama, hapo hamjafungua uzi.

Mkia wa Ngege:
Rudini kwa mada. Alisema NYWELE ZA WATU.

Section 58:
Tumesikia. Matuta anatoza ngapi?

Kuku wa Kakamega:
Samahani wakubwa, kichwa cha mdoli kikichomoka kinarudishwaje?

Fundi Kondele:
Kama kichwa ni cha plastiki laini, tumbukiza tundu la shingo kwenye maji moto dakika mbili hivi, nywele zibaki nje. Kikilainika, inamisha kidogo, ingiza upande mmoja wa kifundo cha shingo, sukuma wa pili. Usishike nywele, utabaki nazo mkononi.

Kuku wa Kakamega:
Na mguu?

Fundi Kondele:
Kigingi cha mguu ni kizima? Rudisha vivyo hivyo. Kimekatikia ndani? Usipoteze gundi yako.