Mjadala: Sayansi kwa umma, tuwape watu majibu au tuwaonyeshe njia?

Wadau, naleta hoja. Mashirika yasiyolenga faida yanayoeneza sayansi hutumia nguvu nyingi kugawa majibu, na nguvu kidogo mno kuonyesha majibu hayo hupatikanaje. Wapo wanaoamini kwamba mtu akishapewa maarifa ya kutosha, ataiamini sayansi. Mimi siafiki.

Tazameni wafugaji wa kondoo wa Cumbria, Uingereza. Mei 1986 mvua ilishusha kwenye malisho yao sesiamu, kemikali yenye mionzi iliyotoka kwenye kinu cha nyuklia kilicholipuka Chernobyl. Juni serikali ikapiga marufuku kuuza na kuchinja kondoo, na wataalamu wakasema ni kwa wiki 3 tu. Vikwazo vya mwisho viliondolewa 2012! Makadirio yalitegemea udongo wa mfinyanzi, ambao huishika sesiamu isipande kwenye majani. Kule milimani udongo una mboji na asidi, na majani yaliendelea kuinyonya. Kisha wakaletwa kondoo kwenye vipande vya malisho vilivyozungushiwa uzio, ili ijaribiwe kama madini ya bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, yangepunguza sesiamu. Wafugaji wakaonya: kondoo wa mlimani ukimfungia, anadhoofika, na vipimo vyako vinaharibika. Hawakusikilizwa, na majaribio yakaja kuachwa. Mwanasosholojia Brian Wynne aliwahoji wafugaji hao. Imani yao ilivunjwa na wataalamu waliojifanya wana uhakika wasiokuwa nao. Ujinga haukuhusika.

*Jibu la kwanza*
Napinga. Asiyejua virusi ni nini atahoji nini kuhusu chanjo? Maarifa kwanza. Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, ilianza mihadhara ya Krismasi kwa vijana 1825, na mwanasayansi Michael Faraday akafundisha kemia nzima kwa mshumaa mmoja. Hayo ni majibu, na watu waliyapenda.

*Mleta hoja*
Ndugu yangu, mshumaa huo huo ndio ushahidi wangu. Faraday aliuzima, akasogeza moto inchi 2 au 3 kutoka kwenye utambi, na mwali ukapita ndani ya mvuke hadi utambi ukawaka tena. Mtoto aliona kwa macho yake kwamba kinachoungua ni mvuke wa nta. Hakuombwa kuamini. Virusi navyo vifundishwe hivyo: nani alivigundua, kwa kipimo gani, alikosea wapi kabla ya kupatia. Na mashirika yakienda kwa wafugaji, yaende na daftari tupu pia. Wewe unayepinga, kondoo wale ungewafungia?