Pampu ya kugeuza, turbaini ya Banki au seti ya Kichina? Tuko Ludewa, malipo mwisho wa mwezi

MtoWetu
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha kaya 43 kimechangishana, tunataka kufua umeme kwenye kijito kinachoshuka milima ya Livingstone. Fundi katupa njia tatu: pampu ya maji iliyotumika aigeuze iwe turbaini (gurudumu linalozungushwa na maji), turbaini ya Banki (ile wengine wanaita krosifloo) ichomelewe karakana, au seti nzima ya Pelton (gurudumu la vikombe vinavyopigwa na mchirizi wa maji) kutoka China. Pampu ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Maji ni mengi na mwanguko (kimo yanachoshuka) upo. Tuchukue ipi?

Fundi_Njombe
Mkuu, "maji ni mengi" siyo kipimo. Lita ngapi kwa sekunde, na umepima mwezi gani? Mwanguko mita ngapi? Bomba refu kiasi gani? Mzigo ni taa tu au kuna mashine? Bila hayo, kila atakayekujibu anabahatisha na hela za watu.

MtoWetu
Samahani mkuu. Mwanguko ni mita 38, tumepima kwa mpira wa maji kama wanavyofanya mafundi wa nyumba, tukarudia mara mbili. Bomba mita 140. Maji lita 60 kwa sekunde. Mzigo ni taa, TV, simu, saluni moja na mashine ya kusaga ya kilowati 11.

Fundi_Njombe
Mwezi hujasema bado.

MtoWetu
Wa nne.

Fundi_Njombe
Nilijua. Masika hayo. Zidisha 9.81 kwa 0.06 kwa 38, unapata kilowati 22 zilizomo kwenye maji. Bomba, turbaini, mkanda na jenereta vyote vinakula chake. Mimi huhesabu asilimia 60, kwa hiyo zinabaki kama 13. Sasa kijito kikishuka hadi lita 20 mwezi wa kumi, una kilowati nne na nusu. Mashine yako haizunguki.

Pampu haina mlango wa kurekebisha maji. Inapenda kiasi kimoja tu, na maji yakipungua ufanisi wake unaporomoka kabisa. Banki ina mlango, na zile zilizogawanywa vyumba viwili, theluthi moja na theluthi mbili, kiangazi unafungua chumba kidogo na kazi inaendelea. Mapanga yake yanakatwa kwenye bomba la chuma na kuchomelewa. Likivunjika panga, unalitengeneza Njombe mjini.

Kirinyaga254
Majirani, msiitupe pampu hivyo. Mimi nina moja shambani. Beringi na sili nanunua duka lolote la pampu, siku hiyo hiyo. Banki ya kuchomelea ikipinda kidogo utatafuta aliyeitengeneza mpaka uchoke. Dawa ya kiangazi ni pampu mbili, kubwa na ndogo, kila moja na valvu yake. Masika zote, kiangazi ndogo peke yake. Jenereta tumia mota ya kawaida ya fezi tatu na kapasita. Ukiizidishia mzigo, volti inazima yenyewe, haiungui.

Fundi_Njombe
Volti ikizima, hiyo mashine ya kusaga utaiwashaje? Mota inapoanza inavuta mara tano, sita ya kawaida yake. Kwa mashine mnataka jenereta halisi. Au msiifungie mota kabisa.

Rungwe_Juu
Mbona Pelton mnairuka? Mabonde yetu huku yanaikubali sana.

Fundi_Njombe
Mita 38 ni ndogo kwake, ndugu. Maji yanatoka nozeli kama mita 26 kwa sekunde. Ukitaka mizunguko 1500 bila mkanda, gurudumu liwe na kipenyo cha sentimita 16 tu, wakati mchirizi wa lita 60 una unene wa zaidi ya sentimita 5. Vikombe havitaumeza. Anayewauzia hiyo seti hajauliza mwanguko wenu. Mita 150 na maji kidogo, hapo nami nachukua Pelton.

MamaZahanati
Naona mnabishania turbaini tu. Sisi kilichotuumiza ni udhibiti.

Kijijini kwetu tulifunga mtambo wa kilowati 10. Aliyetufungia alisema kontrola ya mzigo ni anasa, kijana atasimama kwenye valvu akiangalia mita. Miezi minne tukaenda vizuri. Usiku mmoja mashine ya mbao ilikuwa inafanya kazi, swichi kuu ikajikata. Mzigo wote ukaondoka mara moja, lakini maji yanaendelea kusukuma. Turbaini isiyo na mzigo inakimbia karibu mara mbili ya mwendo wake. Ikalia kama inataka kuruka. Kijana akaingiwa na hofu, badala ya kufunga taratibu akaizungusha valvu kwa nguvu zake zote. Maji yaliyokuwa yanashuka bombani yakagonga mwisho na kurudi juu, bomba la plastiki likapasuka mita chache kutoka nyumba ya mtambo, ukuta wa nyuma ukaanguka. Kijana alitoka salama, namshukuru Mungu kila nikikumbuka.

Basi, tukarekebisha. Wakati wa kurudisha umeme kijana hakujua mwendo umepita kiasi, akawasha laini ya kijiji. Friji ya chanjo ya zahanati ikaungua, TV kumi na moja zikaungua. Chanjo nilizibeba kwa pikipiki usiku ule ule kwenye kisanduku cha barafu hadi kituo cha afya. Watu wakaacha kuchangia, kikundi kikakaa mwaka mzima bila mapato.

Sasa tuna kontrola. Inaacha maji yaje yote, na umeme usiotumika inaupeleka kwenye hita zilizozama ndani ya tangi, hivyo jenereta inaona mzigo ule ule saa zote na mwendo haubadiliki. Hita ziweze kubeba umeme wote wa mtambo na zaidi kidogo, na tangi lipate maji saa zote. Mtu asichomoe hita hata moja. Ndugu MtoWetu, fundi wako kaiweka kontrola kwenye hesabu?

MtoWetu
Pole sana mama. Nimeangalia karatasi yake sasa hivi. Haimo.

Kirinyaga254
Pole mama. Hapo nakubali, hata pampu yangu ina kontrola.

Mzee_wa_Banio
Wanangu, mashine ya kusaga ifungeni kwa mkanda moja kwa moja kwenye shafti ya turbaini. Mchana saga, usiku washa taa. Kwa nini mgeuze nguvu iwe umeme kisha muirudishe kuwa nguvu? Kila mgeuzo unakula.

MtoWetu
Shikamoo mzee. Shida nyumba ya mtambo iko bondeni, kina mama watapanda na debe kichwani zaidi ya nusu saa.

Mzee_wa_Banio
Marahaba. Kwetu pia walipanda, mpaka tulipochonga njia ya punda.

Rungwe_Juu
Na TANESCO wakifika mwakani? Bora sola.

Fundi_Njombe
Sola ya kuzungusha mashine ya kilowati 11 umeipigia hesabu ya betri? Wanachama wa LUMAMA, umoja wa watumiaji umeme wa Lupande, Mawengi na Madunda, wako wilaya hiyo hiyo ya Ludewa na umeme wao ni wa maji. Cha kuwahi ni kibali cha kutumia maji, Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa. Chini ya megawati 1 leseni ya kufua umeme haidaiwi, ila kibali cha maji lazima.

MtoWetu
Nimewaomba wenzangu tusilipe mpaka tupime mwezi wa kumi. Wawili wamekasirika, wanasema nachelewesha. Tutatupa kipande cha mti majini tuhesabu sekunde, si ndiyo?

Kirinyaga254
Ndiyo, kisha kasi mnayopata zidisheni kwa 0.85, maana maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini.

Fundi_Njombe
Hiyo 0.85 ni ya mfereji wa saruji. Kijito cha mawe chenye maji ya magotini weka ndogo zaidi ya hapo, la sivyo utajidanganya tena.

Mzee_wa_Banio
Wekeni ubao wenye mkato wa pembe tatu kwenye banio, pimeni kina kila asubuhi. Kipande cha mti kinanasa kwenye mawe.

Kirinyaga254
Mzee, huo mkato uwe wa nyuzi 90?